Vumbi Shingoni mwa Nyapara

Mimi ni mtu wa kinyongo, nasema mapema ili usije ukanishangaa. Lakini kinyongo changu mbele ya dada yangu ni mchezo wa watoto. Mimi nikikasirika napiga kelele mtaa mzima ukasikia, na kesho yake nusu nimeshasahau. Dada hunyamaza. Anachanganya mchanga na saruji, anapiga lipu ukuta wa mtu mpaka unateleza, na huko ndani kitu chake kipo palepale. Ni fundi lipu, mwanamke pekee wa kazi hiyo kwetu, na kilichomkaa rohoni miaka yote ni jina la baba.

Tulikulia kwenye nyumba za kampuni, chumba na sebule, mlango ukitazamana na mgodi wa makaa. Kila kitu kilikuwa cheusi: kamba ya kuanikia nguo, kizingiti, hata makamasi yetu. Baba alikuwa mchimbaji, na mazoea ya chini alirudi nayo nyumbani. Siku moja panya alipita darini, vumbi kidogo likamdondokea usingizini. Kabla hajafumbua macho alikuwa ameshatukwapua sisi wawili, mmoja kwapa hili, mmoja lile, yuko nje na bukta. Majirani walicheka mpaka wakakaa chini.

"Baba watoto," mama akamwambia, "umekimbia panya, mkeo umemwacha kitandani!"

Baba akatueleza huku anatweta. Mgodini dari halianguki bila kutoa taarifa. Kwanza linakumwagia vumbi shingoni. Ukilihisi huulizi, unakimbia. Anayeuliza ndiye anayezikwa.

Sasa, dari lenyewe lilishikwa na nguzo za makaa, zilizoachwa makusudi bila kuchimbwa. Mgodi ulipokaribia kufungwa, Nyapara Mkuu, bosi wa wachimbaji wote, akaamuru hata hizo zikatwe. Baba alirudi akamwambia mama, "Yule mtu anatukatisha nguzo." Wiki haikuisha, dari likamlalia.

Mazishini Nyapara akasimama mbele ya watu, akasema marehemu alishuka amelewa, akagonga gogo la kuegemeza dari. Baba yangu! Mtu ambaye hata juisi ikichacha alikuwa anaimwaga! Wenzake walijua ukweli, lakini kila mmoja alikuwa anasubiri kiinua mgongo chake, wakafyata mkia. Mgodi ukazibwa kwa zege. Sisi tukatolewa kwenye nyumba, shuleni tukawa watoto wa mlevi, na mama hakukanyaga tena harusi ya mtu. Nyapara akapewa nyumba kubwa ya mlimani, bure kabisa. Cha bure huwa hakiulizwi kina nini chini yake.

Miaka ikapita, na nyumba ya mlimani ikaanza kupasuka. Nyapara akamwita dada, nami nikamsindikiza. Alijua fika sisi ni watoto wa nani, ila mtenda husahau. Mtendewa ndiye hasahau.

"Fundi, usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema, anachekelea. "Kuna muuguzi na mumewe wanataka kuinunua. Nizibie vizuri."

"Nitaziba, mzee. Ila kwanza nenda ukamwambie mama yangu kwamba mumewe hakuwa mlevi."

"Ah, mambo ya zamani hayo, mwanangu. Yaache."

Dada akasema haya. Njiani nikawaka. "Haya? Haya ya nini? Umerogwa?"

"Siku ya wageni," akanijibu, "mlete mama."

Nikamleta. Lipu ilikuwa imekauka, ufa huoni hata mmoja. Dada alikuwa juu ya ngazi sebuleni, anamalizia kona. Nyapara alipomwona mama alikunja uso, lakini mbele ya wageni angesema nini? Mama akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Muuguzi, mimba yake kubwa, akauliza, "Mzee, tunasikia huku chini kulikuwa na mgodi. Pakoje?"

"Imara, binti yangu. Nguzo zote tuliziacha. Kuna mmoja tu alikufa, na huyo alikufa kwa pombe zake." Akalisema hilo huku anamtazama mama machoni.

Wallahi nilitaka kumng'oa meno. Nikamtazama dada. Akachota mchanga kidogo kwenye karai, akanyoosha mkono, akauachia umwagike taratibu kwenye shingo ya Nyapara.

"Dari!" Mzee alipiga yowe. "Dari linashuka!" Akamruka mama, akampiga kikumbo mjamzito wa watu, kiatu kimoja kikabaki zuliani. Alikuwa wa kwanza kufika uani, na majirani walikuwa wameshachungulia ukutani.

Dari halikushuka. Muuguzi akatoka ameshika tumbo. "Kama nguzo zipo, mzee, umekimbia nini?"

Nyapara akafungua mdomo. Akamwona dada mlangoni, anapangusa mchanga viganjani. Akajipapasa shingoni, akagusa mchanga uleule, akajua ameshajifichua mwenyewe.

"Nilizikatisha," akasema. "Hapa chini hakuna kitu."

Sauti ya mama ikatoka ndani. Alikuwa hajainuka kwenye kiti. "Na mume wangu?"

"Alikuwa hajanywa."

"Sema kwa nguvu, majirani wasikie!"

"Alikuwa hajanywa!"

Muuguzi na mumewe hawakugeuka nyuma. Mama siku hizi harusi haimpiti, na anakaa viti vya mbele. Watu huniambia nimhurumie yule mzee, kwamba sasa ni mzee. Baba yeye hata huo uzee hakuuonja, kwa hiyo waniache.

Nyumba haina mnunuzi mpaka leo. Juzi tunakula, akabisha hodi, amekonda, macho mekundu.

"Fundi, ufa umerudi, juu ya kitanda changu. Nikilala vumbi linanidondokea. Nionee huruma, mwanangu. Njoo unizibie."

Dada akamaliza kutafuna, akanawa mikono.

"Lipu ninayo, mzee," akamwambia. "Nguzo ndizo sina."

Mzee akageuka. Kisha tukamsikia anapanda mlima, polepole, kwenda kulala.