Yohana Alivyosikia Parapanda Tukivuka Mto

Leo mume wangu Yohana ameniachilia mkono katikati ya mto, mtoto akiwa mgongoni mwangu, ati Bwana amerudi!

Jameni, mnajua mahubiri ya Jumapili. Walio wake watanyakuliwa kwenda mbinguni kabla ya Dhiki Kuu, parapanda ikilia tu.

Basi tulikuwa tunavuka kwa gogo, tukitoka kuchuma chai. Yohana alikuwa amenishika mkono vizuri.

Mara kitu kikalia huko mlimani, sauti ambayo hatujawahi kusikia.

Akaniachilia! Akaruka ng'ambo, akainua mikono, akafumba macho.

Mimi huyo majini mpaka kiunoni. Mtoto hakuumia, lakini alilia!

Wachumaji wenzetu wakapiga kelele kutoka juu: "Yohana, hiyo ni honi mpya ya kiwanda!"

Akafumbua macho, akaniona nimelowa.

"Mama Rasoa! Kumbe hata wewe umeachwa?"

"Nimeachwa na wewe, si na Bwana!"

Hata aibu hana. Sasa ameketi hapa kando ya moto akinieleza kwamba siku ile kila mtu atajibeba mwenyewe.

Sawa. Na huyu Rasoa, ambaye hata kutambaa hajaanza?

Semeni ukweli, nyinyi mngempakulia ugali leo?