Niliwasha Mashine ya Petroli Ndani ya Ghala

Jina langu sisemi, lakini kosa ni langu, si la mwingine. Nimechoka kulibeba peke yangu. Nikisikia mvua ikigonga mabati, nainuka kufungua mlango.

Mimi ni dereva wa foklifti, ile mashine ya kuinua mizigo. Nilikuwa nafanya kazi kwenye ghala moja la mahindi hapa Kitale. Tulikuwa na mashine mbili. Ya betri ilikuwa ya ndani; haitoi moshi, na inainua magunia hadi karibu na paa. Ile ya petroli, kuukuu, ilikuwa ya uani tu, ya kupakia malori. Nilifunzwa hivyo siku ya kwanza. Nilijua jamani!

Shemeji yangu Nekesa, mdogo wa mke wangu, nilimtafutia kazi hapo mimi mwenyewe. Alitoka kwao Bungoma akaja kushona magunia pamoja na mama mmoja tuliyemwita Mama Chebet.

Jioni moja nilitoka kazini mbio kwenda kutazama mpira, nikasahau kuchaji ile ya betri. Kesho yake ikakataa kabisa. Halafu mvua ya mawe ikaanza. Paa likavuja juu ya mahindi makavu, ikawa lazima yahamishwe. Ningemwambia msimamizi nini? Ati mpira? Nikaingiza ile ya petroli ndani, nikafunga milango mikubwa ili maji yasiingie.

Mungu wangu! Laiti ningeyaacha hayo mahindi yaoze!

Njiwa wanaolala kwenye vyuma vya paa walinyamaza. Kisha mmoja akaanguka karibu na tairi langu, puu! Nikampita.

"Shem, kichwa inaniuma vibaya," Nekesa akaniita.

"Si hukukunywa chai asubuhi? Hiyo ni njaa."

"Hapana bana. Hata miguu sisikii. Fungua mlango kidogo."

"Ngoja nimalize hii upande."

Nilimwambia angoje! Mimi nilikuwa natoka nje kila mara kwa mlango mdogo, ati napokea simu, kumbe hiyo ndiyo ilikuwa inaniokoa. Niliporudi mara ya mwisho, Nekesa alikuwa amelala juu ya magunia, sindano bado mkononi. Mama Chebet alikuwa ametambaa hadi mlangoni, anatapika.

Mama Chebet alipata hewa, akasema atapumzika nyumbani. Nekesa nilimbeba kwa tuk-tuk hadi hospitali. Daktari, kijana mpole, akanivuta kando. Tulikuwa wawili tu.

"Alikuwa wapi? Kulikuwa na jiko, moshi, injini, kitu kama hicho?"

Hapo ndipo nilipoangamia, ndugu zangu. Niliwaza kazi yangu tu. Nikamjibu, "Hapana, daktari. Hajakula."

Wakampima malaria. Wakamtundikia maji. Nikakaa kwenye benchi nikitazama kifua chake kikipanda na kushuka polepole, na bado nikafunga mdomo! Saa zikapita. Mama Chebet alizidiwa huko kwake, naye akaletwa, na ni yeye aliyetaja injini. Ndipo wakajua ni sumu ya moshi, wakaja mbio na mtungi wa oksijeni.

Nekesa hakufa. Lakini yule Nekesa wa kucheka hayuko tena. Amerudi kwa mama yake Bungoma. Akitumwa dukani, anasimama njiani, hajui alikotoka wala anakokwenda. Mikono inatetemeka, hata kikombe kinamshinda.

Kwao wanaamini nilimwokoa! Niliwaambia betri iliharibika ghafla, wakanihurumia. Mama mkwe alimpa mke wangu jogoo aniletee, shukrani kwa kumkimbiza mtoto wake hospitali. Nilimla huku machozi yakinitoka. Mke wangu akanishika bega, akaniambia nisijilaumu.

Madereva wenzangu, mashine ya injini iacheni nje, hata kama mahindi yote yataloa. Mtu akilalamika kichwa, zima, fungua milango, mtoe! Na daktari akikuuliza, sema ukweli papo hapo, hata kama utafutwa. Mimi nilidanganya ili nilinde kazi, na kazi yenyewe niliiacha. Miguu ilikataa kuingia kwa lile ghala.

Kuhusu swali la daktari, hakuna mtu nimewahi kumwambia. Mke wangu husoma ukurasa huu wa barua za wasomaji kila wiki. Akifika hapa, atakuwa amejua ni mimi.