Kwenda Uskochi kwa Kupitia Xintang

Safari hii ilianzishwa na ramani. Niliinunua kwa muuza vitabu vikuukuu nje ya chuo chetu Guangzhou, nikaibandika ukutani juu ya kitanda: visiwa vya magharibi mwa Uskochi, vimetawanyika baharini kama makombo ya mkate. Mimi na Salum, mwenzangu wa chumba, tulikuwa tunamaliza shahada ya nguo, na sote tulikuwa tumepata nafasi ya mwaka mmoja zaidi Glasgow. Kabla ya masomo kuanza kulikuwa na wiki tatu za bure. Nilitaka tuzitumie kwa baiskeli, kisiwa hadi kisiwa, kutoka Barra mpaka Lewis, tukilala kwenye hema.

Salum ni mtu wa Tanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kijiko chini.

"Gabi, wewe umezaliwa Njombe, baridi ni ndugu yako. Mimi nitakufa siku ya pili."

"Hutakufa."

"Basi tujaribu hapahapa kwanza. Siku mbili. Nikirudi kwa baiskeli, Uskochi twende wote. Nikipanda basi, utanikuta Glasgow nimekaa karibu na hita."

Nilikubali. Ukweli ni kwamba peke yangu nisingekwenda. Safari bila mtu wa kulalamika naye mimi siiwezi, na hakuna anayelalamika vizuri kama Salum.

Jumamosi ya kwanza tulikwenda Kangle. Ni mtaa wa vichochoro hapohapo Guangzhou, kila mlango una cherehani, na kwa sisi wanafunzi wa nguo kununua hema dukani ingekuwa aibu. Tulikuwa na jora la kitambaa cha miavuli na picha ya hema niliyoichapa kwenye kafe ya intaneti. Tuliingia kwa mama mmoja mwenye karakana ya magauni. Wateja wote walimwita laobanniang, mama bosi, nasi tukafuata. Hema hakuwahi kushona, lakini alitazama picha, akavaa futi yake shingoni na kuuliza wangapi wataingia humo.

"Wawili," nilisema.

Alisukuma vitambaa pembeni, akapiga meza ya kukatia kwa kiganja. "Laleni hapa niwapime."

Mimi nilipanda nikalala. Salum alirudi nyuma mpaka mlangoni.

"Mimi silali hapo."

"Kwa nini?" aliuliza mama bosi.

"Kwetu mtu akilazwa akapimwa, anakatiwa sanda."

Nilimtafsiria vizuri nilivyoweza. Mama bosi hakucheka. Aliinamisha kichwa kwa heshima, akampima amesimama: urefu, mabega, kifua, mikono ikiwa imebana mbavuni, na Salum mwenyewe amezuia pumzi kama yuko studio ya picha. Vipimo viliandikwa. Pale walikuwepo fundi wa miaka mingi na wanashahada wawili watarajiwa wa nguo, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mtu akilala hukunja magoti.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, Salum alikwisha kuswali na tayari alikuwa amelalamikia tandiko la baiskeli yake. Tulifunga hema kwenye keria, tukashika barabara ya mashariki. Kwenye gati la Xinzhou tulisukuma baiskeli ndani ya kivuko pamoja na wafanyakazi wa viwandani na mama mwenye bata wawili kwenye kapu. Nilimwambia Salum kwamba Uskochi pia tutapanda vivuko namna hii. Akaniuliza kama bata watakuwepo.

Saa tano tuliingia Xintang, mji wa jinzi. Jinzi zilirundikwa mpaka barabarani, na maji ya mtaroni yalikuwa ya buluu iliyoiva. Salum alisimama kupepesa macho. Suruali aliyovaa, alisema, pengine ilizaliwa kwenye mtaro ule. Tulikula tambi za bila nyama ya nguruwe, baada ya kumuuliza mpishi mara tatu, tukaendelea kupanda kuelekea mashamba ya lichi.

Saa tisa na nusu tulifika kwa Bwana Huang, mwenye shamba. Alikuwa juu ya ngazi akichuma lichi, tunda ndugu wa shokishoki asiye na manyoya.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza.

"Uskochi," alijibu Salum.

Bwana Huang alishuka ngazi taratibu. "Mmepotea," alisema, akatupa kila mmoja shada la lichi na kutuonyesha mahali pa kupiga hema.

Kigingi cha mwisho kilikuwa hakijazama vizuri mvua iliposhuka. Tulijitupa ndani. Hema lilitukaa kama kanzu iliyopimwa kwa ajili ya Idi, mabega yamebana, vichwa vinagusa mwisho, na Salum, kwa kukosa nafasi ya kukunja magoti, ameitoa miguu nje mlangoni. Nilipotaka kugeuka, ilibidi naye ageuke.

"Gabi."

"Naam."

"Hili si hema. Tumevaa."

Nilicheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaniisha, kwa sababu niliona Uskochi wangu unapotea pale pale, kwenye vidole vya miguu vya Salum vinavyonyeshewa. Lakini pale miili yetu ilipokuwa hapakupita hata tone. Mishono ya mama bosi ilikuwa imara. Bwana Huang alitujia na mwavuli, akatuingiza nyumbani, na mkewe akatupa kila mmoja mkasi mdogo. Alikuwa anakata nyuzi zilizobaki kwenye jinzi za kiwanda. Tulikata nyuzi hadi chakula cha jioni, Salum akimfundisha kusema "pole na kazi", kisha tukalala ukumbini kwao juu ya rundo la suruali.

Jumapili tulirudi na upepo usoni. Kabla ya kutoka Xintang tulipita kituo cha mabasi. Basi la Guangzhou lilikuwa limewasha injini, utingo anaita. Sikugeuza shingo. Nilikanyaga pedeli na kusikiliza mnyororo wa baiskeli ya Salum, ule uliokosa mafuta, ukilia nyuma yangu. Uliendelea kulia. Sijawahi kufurahia kelele namna ile.

Saa kumi jioni tulikuwa Kangle, tumejaa matope. Nimejifunza kwamba safari unaweza kuipima kwa ramani, lakini mwenzako wa safari hutampima kwa kumwangalia amesimama. Mama bosi alilikunjua hema, akasikiliza kisa chote, safari hii akacheka mpaka akakaa.

"Nitashona jingine," alisema. "La mtu mmoja au wawili?"

Salum alivua viatu vyake vyenye maji, akavipanga vizuri chini ya meza ya kukatia. Akasema bismillahi, akapanda, akalala chali, kisha akakunja magoti.

"Pima," alisema. "Na uongeze nafasi. Huyu wa Njombe anapiga mateke."