Samli ya Mkwe Wangu

Kwetu Pemba mtu akikonda huulizwa ana nini. Akinenepa huambiwa mashaallah. Mume wangu, fundi cherehani pale Chake, alikuwa mnene, na mamake alijivunia tumbo lile utadhani kalijenga kwa mikono yake.

Alipoanza kuhema kwa kupanda kilima cha nyumbani tu, nikamburura hospitali. Daktari alimpima moyo kwa mashine, akatuonyesha kwenye kioo: mafuta yamezidi, yameuzunguka moyo, na mishipa imeanza kuziba. Apunguze samli, nazi na sukari, na atembee. Niliogopa hata usingizi ukanipotea.

Tukaanza. Samaki wa kuchoma, mchicha wa kuchemsha, na kila baada ya sala ya alfajiri anashika njia ya Wesha kwa miguu. Akapungua kweli. Kanzu zake alizibana mwenyewe, huku akicheka peke yake kwenye cherehani. Nami nikaanza kupata usingizi.

Lakini watu wetu hawana dogo. Msikitini wakamuuliza anaumwa nini. Majirani wakanong'ona kuwa karogwa, wengine kuwa mimi mchoyo. Mamake akaja analia.

"Mwanangu kakauka hivi, weye humpi kula?"

Nilimweleza habari za mafuta. Akanijibu kwamba moyo wa mwanawe anaujua yeye aliyeubeba tumboni. Tangu hapo kila asubuhi akaleta bakuli la bokoboko, ngano iliyopondwa na nyama, samli inaelea juu, akakaa mkekani kumtazama anavyokula.

"Mwambie hutaki," nilimsihi mume wangu.

"Nimrudishie mama chakula chake? Radhi zake nitazipata wapi?"

Basi akala. Matembezi yakafa, kanzu akazifumua. Nilinuna, nikagomba, nikalia. Bakuli likaja vile vile. Adhuhuri moja aliangukia cherehani, uzi ungali mdomoni, na alipofikishwa hospitali hapakuwa na la kufanya.

Nikakaa eda. Mkwe wangu aliingia chumbani, macho yamemvimba, bakuli mkononi, akanitazama mashavu.

"Umekonda, mwanangu. Kula."

Nilitaka kulibamiza ukutani. Nilimchukia, wallahi. Lakini hakuwa na mwengine wa kumlisha, na kijiko alikwisha kiinua. Nikafungua mdomo.