Siku Mama Alipopuliza Mashine

Mama yangu amekausha samaki kwa moshi tangu kabla sijazaliwa, na kikohozi chake nakijua kuliko sauti yake ya kuimba. Mimi nina hasira za karibu. Kila alipokohoa nilimgombeza, naye akasingizia vumbi la barabara. Mwisho tukapatana aende hospitali ya mjini Baraka kupimwa mapafu kwa mashine. Mashine ikisema ni mazima, nifunge mdomo. Ikisema ni mabovu, aachane na moshi.

Tulitoka kwetu Mboko kwa pikipiki, yeye akiwa na kitenge chake cha kanisani. Hospitalini, mganga kijana akambana pua kwa kibanio na kumpa bomba la mashine.

"Mama, vuta pumuzi, kisha puliza na nguvu yote, mara moja!"

Mama akapuliza polepole, kwa ustadi mkubwa, vile anavyoamsha makaa. Mganga akatikisa kichwa. Mara ya pili ikawa vilevile, tena akafumba macho ili majivu yasimwingie.

"Na nguvu, mama! Yote, yote, yote!"

Mama akatoa bomba mdomoni. "Mutoto yangu, moto habapulizake vile. Majivu itaingia mu samaki."

"Hapa hakuna samaki, mama."

"We unasema tu."

Nilitamani kuingia chini ya meza. Nikamwambia, "Mama, basi fanya sawa vile unazima taa ya mafuta."

Hapo akapuliza kweli, mara tatu, mpaka kikohozi kikamkunja. Aliponyanyuka alikuwa anatabasamu, akidhani ameshinda. Mganga akasoma namba, akamweleza taratibu kwamba njia za hewa kifuani mwake zimekuwa nyembamba kwa sababu ya moshi.

Mama akanigeukia, akisubiri nimpigie kelele. Lakini moshi ule ndio ulionisomesha, na niliona haya.

Kesho yake asubuhi aliweka kiti chake mbali, upande unakotoka upepo, akaniita. Samaki walikuwa tayari juu ya wavu, na moto ulitaka mtu. Nikapiga magoti, nikapuliza.

"Polepole! Unatia majivu mu samaki!"

Machozi yalinitoka, nikakohoa hadi nikashika ardhi. Mama akasimama, akapiga hatua mbili kuelekea motoni kwa mazoea, akakumbuka, akarudi kukaa.

"Ile juma yenye inakuya," akasema, "na we utaenda kupuliza ile mashine."

Hakuwa anacheka.