Mitalawanda Nyuma ya Pazia

Nilisikia kwanza mbao zikigonga sakafu. Ko, ko, kisha mburuto wa kitu kizito, kisha ko tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni, katika kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, hodi ya pili ikiwa bado mdomoni. Mgongano ule ukaharakishwa, ukakatika. Ndipo nikakaribishwa.

Ndani palinukia udi. Binti niliyekuja kumwona, rika langu, alikuwa ameketishwa kwenye kiti kikubwa, hina mpya mikononi, asmini kichwani, miguu imefunikwa leso hadi sakafuni. Mamake alisimama kando yake, mkono juu ya mgongo wa kiti.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na kibarua katika shirika dogo pale Mbaraki. Nilizunguka majumbani mwa watu wenye ulemavu waliotafuta ajira, nikaangalia ni nini kingewawezesha kuifanya. Kila nyumba niliingia nikitaka kutoka, na nikishatoka nikatamani kurudi. Kampuni moja ya malori Shimanzi ilikuwa tayari kumchukua binti huyu kupokea simu, ila walitaka kujua mapema wamtengenezee nini: ngazi, meza, choo, usafiri. Walingoja jibu langu jioni ile ile. Nikisema hahitaji kitu, wasingegusa kitu. Siku ya kwanza angekwama langoni, na nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Sikuruhusiwa kuuliza lolote kabla ya kaimati na kahawa. Nilipoanza, mama ndiye aliyejibu. Nikauliza binti anashukaje kitandani. Akasema wanawe wote wamelelewa vyema. Nikauliza anaweza kwenda umbali gani peke yake. Akanisogezea sahani, akasema mwanawe hajakosa kitu katika nyumba ile, na kwamba watu wakimsikia kwenye simu watadhani wamefungua redio. Akacheka. Nikacheka nami, huku kalamu ikiniteleza kwa jasho. Nje mkokoteni ulipita, na mwenye mkokoteni akiomba njia. Nikamwonea wivu.

Kisha nikautambua ule mkao. Mimi mwenyewe niliwahi kuketishwa hivyo, macho chini, mama akinijibia, mbele ya wanawake waliokuja kunichungulia kwa ajili ya kaka yao. Siku kama hiyo nyumba nzima hushughulika kuficha kila kinachoweza kukupunguza. Hapa kilichofichwa ndicho nilichokifuata.

Binti hakuwa ameinamisha macho. Alikuwa akinitazama mimi.

"Mama," akasema, "huyu hakuja kuposa."

"Nyamaza, mwanangu. Mgeni atasemaje?"

"Na aseme. Kazi iko Shimanzi, haiko kwenye kiti hiki."

Nikamweleza mama, kwa adabu yote niliyokuwa nayo, kwamba nisichokiona siwezi kumwombea kwa wale watu. Alikunja pindo la leso yake, akalikunjua, akalikunja tena. Halafu akaenda nyuma ya pazia, akarudi na jozi ya mitalawanda, vile viatu vya mbao vya kuingilia chooni, kanda zake zimelika kwa ndani. Akaiweka mbele ya kiti bila kumtazama yeyote.

"Jana tu nimekutia hina," alisema.

Binti akaivaa mikononi. Akajishusha, akajifunga buibui kiunoni, akaanza kwenda, ko, ko, miguu ikiburutwa nyuma. Alipopita karibu na goti langu aliniambia nimfuate hadi pale teksi inapoweza kusimama, nikaione mifereji na vile vidato viwili vya kupandia barabarani, maana vyote hivyo atavivuka kila asubuhi.

Nilishika mlango, akapita. Mama alitufuata hadi kizingitini, akasimama, kiganja mdomoni. Jirani mmoja alikuwa tayari amechungulia dirishani.

"Watu watakuona," mama akasema taratibu.

"Wataniona kila siku, mama. Funga, usisimame hapo."

Akatutazama kidogo. Kisha mlango ukafungwa nyuma yetu.