Nilivyompeleka bibi kuutafuta mti wa baba yake kwenye ziara ya bustani za Dodoma

Wakuu, habari za jioni. Haya yametokea Jumamosi, na sijatia chumvi hata punje.

Kazini tuliandaa group tour ya bustani za zamani hapa Dodoma mjini. Nikamchukua bibi mzaa mama, tunaishi naye Nzuguni.

Macho yake yanaisha nguvu. Na kwa miaka amekuwa akiniomba kitu kimoja tu: aushike mti aliokuwa akiumwagilia baba yake enzi za Mjerumani, kabla hajaacha kuona kabisa.

(Najua, kwenda na bibi kwenye tour ya kazini ni kujitafutia majina. Ofisi nzima sasa inaniita Mjukuu.)

Bustani mbili za mwanzo alilala kwenye gari. Ya tatu, karibu na reli, akashuka mwenyewe na fimbo yake.

Guide wetu, binti mchangamfu anaitwa Neema, akaanza kutueleza jinsi Wajerumani walivyoipanda ile mijohoro kwa utaalamu wa hali ya juu.

Bibi akamkatiza kwa salamu ya Kigogo. "Mbukwa, mjukuu wangu. Mdachi alipanda. Maji alileta nani?"

"Shikamoo bibi," Neema akajibu, akamsogelea.

Tukasogea wote. Bibi akaeleza kwamba kila mwanaume alipewa mche wake. Kisima kikikauka, maji walichota korongoni kwa vibuyu, kiangazi chote, huku mashamba yao yakikauka. Mche ukifa, viboko.

Hata uzeeni, mvua ikichelewa, baba yake aliamka alfajiri akashika kibuyu, mpaka mkewe amrudishe ndani.

"Wake ulikuwa wa tatu kutoka kisimani," bibi akasema.

Kisima cha zamani kipo, kimefunikwa. Tukahesabu. Wa kwanza upo. Wa pili upo. Wa tatu ni kisiki.

Neema akawa anaomba msamaha kana kwamba shoka alishika yeye. Mimi nikadanganya haraka haraka: "Bibi, labda walihesabu kutoka upande ule."

Hakunisikiliza. Akainama, akakipapasa kisiki chote taratibu, kama anavyotupapasa vichwa wajukuu. Halafu akacheka huku machozi yanamtoka.

"Basi baba amepumzika," akasema. "Hana tena mti wa kunywesha."

Nilichojifunza: ukikaa kwenye kivuli cha zamani, uliza pia nani alibeba maji. Wenye bibi na babu zao bado hai, kawaulizeni leo, mje mtusimulie hapa. Namsomea bibi comments zenu, kakaa hapa pembeni yangu anasubiri.